Tupeane uzoefu: wimbo wa roki uliokaa nao miaka, kumbe unasema jingine

NyuziSita
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale wanaosikiliza roki hadi mashairi, siyo gitaa tu. Tusimuliane: wimbo gani uliupenda kwa maana uliyojipa mwenyewe, halafu siku ukasoma beti zake ukakuta mambo mengine kabisa? Na ulipojua, uliuacha au ndiyo ulizidi kuupenda?

Naanza mimi. "Born in the U.S.A." wa Bruce Springsteen, 1984. Kaka yangu alikuwa akiufungulia sauti mpaka madirisha yanatetemeka, na sisi wadogo tunarusha ngumi juu kila kiitikio kikifika. Kwetu ulikuwa wimbo wa mtu anayejivunia nchi yake, basi. Nilipokuja kutulia na beti zake, nikakutana na kijana aliyezaliwa kwenye mji uliochoka, akaingia matatani, akapewa bunduki na kupelekwa Vietnam. Anarudi, anaomba kazi kiwandani, anapigwa kalenda. Ana ndugu aliyepigana Khe Sanh, hukohuko Vietnam, na huyo hakurudi. Ukishasoma hayo, kile kiitikio ni mtu anayeuliza: sasa kuzaliwa kwangu hapa kumenifaa nini?

Na hatukuwa peke yetu. Mwaka huohuo Rais Reagan, akiwa kwenye kampeni New Jersey, alimsifia Springsteen kwa nyimbo zenye ujumbe wa matumaini.

Mwenye nafasi atafute toleo alilorekodi mwanzoni, mtu na gitaa lake tu, lililokuja kutoka 1998 kwenye mkusanyiko wa *Tracks*. Maneno karibu ni yaleyale, ila pale hakuna anayetamani kupeperusha bendera. Tangu hapo utaratibu wangu ni mmoja: nasoma beti kwanza, kiitikio baadaye. Kiitikio kinajua kurubuni.

McWaShughuli
Mkuu umenigusa penyewe. Kazi yangu ni kusherehesha harusi, na maharusi hawaishi kuniomba "Every Breath You Take" wa The Police, wa 1983, wafungulie nao dansi. Gitaa linabembeleza, sauti ya Sting, mwimbaji wao, imetulia, nani asiupende? Lakini sikiliza anachosema: kila pumzi yako, kila hatua yako, kila ahadi utakayovunja, mimi nakutazama. Sting aliutunga ndoa yake ikiwa inavunjika, na ameeleza mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na wa kutaka kummiliki mtu.

Kuna harusi moja, bwana na bibi wako katikati ya ukumbi wamekumbatiana, watu kimya, simu zote juu. Shangazi wa bibi harusi, mwanamama anayekijua Kiingereza sawasawa, akaniinamia pale kwenye mitambo: "Mwanangu, huyu anayehesabu pumzi za mwenzie ni mume au askari?" Nilicheka mpaka nikazima kipaza sauti.

Bado naupiga. Mteja akiuomba simkatalii, siku yake haiwi siku ya somo la ushairi.

DadaBesi
Mimi napiga besi kwenye bendi ya kukopi. Wimbo ambao hatuwezi kuukwepa ni "Zombie" wa The Cranberries. Watu wanakisubiri kiitikio wapige kelele, na ukiwauliza unahusu nini, wengi watakwambia mizuka, wafu wanaotembea, vitu hivyo.

Mwimbaji wao, Dolores O'Riordan, aliuandika baada ya mabomu ya IRA, wapiganaji wa Ireland waliotaka kuiondoa Uingereza, huko Warrington, Uingereza, Machi 1993, yaliyoua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa 12. Ukiingia na habari hiyo, ubeti wa kwanza wenyewe unakuonyesha kila kitu: kichwa kinainama, mtoto anachukuliwa taratibu. Zombie ni yule aliyejazwa vita kichwani, anarudia ugomvi wa Ireland na Uingereza wa tangu 1916 bila kujiuliza.

Sasa kwa wapigaji wenzangu. Kodi (chords) ni nne tu, zinazunguka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kishawishi cha kukimbiza ni kikubwa. Mpiga ngoma wetu alikuwa anaingia kwa kishindo tangu sekunde ya kwanza. Nikamwomba ubeti aupige kwa unyenyekevu, nguvu zote aziweke kwenye kiitikio. Usiku wa kwanza tulipofanya hivyo, meza za mbele walinyamaza kwenye ubeti. Kiitikio kilipofika walipiga kelele kama kawaida yao. Sijui kama waliwaza mabomu, lakini kelele ile haikuwa ya mizuka.

Mtegasikio
Nyie mna bahati, mmekosea kwa kupenda. Sisi tulikosea kwa kutishwa. Bweni letu liliambiwa "Hotel California" wa Eagles ni kanisa la shetani, na "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin ukiupiga kinyumenyume unasikia sala zake. Tukaambiwa tuchome kanda.

Baadaye nikiwa na kompyuta yangu nikaamua kumaliza ubishi. Nikaweka ule wa Led Zeppelin kwenye programu, nikaugeuza. Nikasikia mtu anayeongea kama amejaza chakula mdomoni. Nikarudia, holaa. Kisha nikafungua ukurasa ulioandika maneno "yanayosikika", nikasikiliza huku nasoma. Wakuu, nilisikia kila neno! Nikamwita mke wangu, sikumwonyesha maandishi, nikamuuliza anasikia nini. Akasema, "Redio imeharibika." Nikampa maandishi. Naye akasikia kila neno.

Ndiyo siri yenyewe: sikio likiambiwa litafute kitu, litakipata. Mwaka 1982 hata kamati ya bunge la jimbo la California ilikaa kusikiliza wimbo huo ukipigwa kinyume. Ule wa Eagles, Don Henley, mwimbaji wao, ameuelezea kama safari ya mtu kutoka kutojua hadi kuyajua ya dunia, na anasa zinazokufungia ndani. Anasa zinatosha kutisha, hazihitaji mapembe.

Kitabu na Chaki
Mimi ni mwalimu. Nilikuwa napita korido nikasikia darasa langu linaimba "Another Brick in the Wall" wa Pink Floyd, kile kipande cha kuwaambia walimu wawaache watoto. Waliponiona wakazimika kama mshumaa. Nikawaambia endeleeni, mmeishia wapi?

Lakini nina hoja kwa mwenye uzi. Roger Waters wa Pink Floyd aliandika kuhusu walimu wakali wa utotoni mwake Uingereza, albamu ikatoka 1979. Mwaka 1980 wanafunzi weusi Afrika Kusini waliokuwa wanagomea elimu ya kibaguzi wakaufanya wimbo wao, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Waters hakuwa anawaandikia wao. Je, walikosea tafsiri? Kwa utaratibu wako wa "beti kwanza", utasema nini? Mimi naona waliusoma vizuri kuliko wanunuzi wengi wa London, maana wao ukuta walikuwa wanaugusa kwa mkono.

NyuziSita
Shikamoo mwalimu. Hapo nakubali, na sioni kama unanipinga. Walichukua kilichomo ndani ya beti wakakipeleka mbali zaidi. Anayegeuza malalamiko ya askari kuwa sherehe amefanya kingine, amezitupa beti nje akabaki na kiitikio.

Sikio Moja
Na zile zisizo na maana je? John Lennon alisikia kuwa kwenye shule aliyosoma walikuwa wanachambua mashairi ya Beatles darasani. Akaandika "I Am the Walrus", 1967, makusudi, wachambuzi wahangaike. Msiniletee beti kwanza hapo.

Ukwaju
Freddie Mercury wa Queen naye. "Bohemian Rhapsody", 1975. Mtoto mzaliwa wa Zanzibar anaweka Bismillah katikati ya opera ya kizungu, sisi tunashtuka kwenye viti, halafu akiulizwa maana anagoma kueleza, mpaka amefariki 1991. Mimi huwa nausikia kama mtu anayeungama kwa mama yake. Bishaneni na mimi, yeye hayupo kuamua.

McWaShughuli
Mmemsahau Toto na "Africa", 1982. Kilimanjaro unainuka kama Olympus, ule mlima wa Ugiriki, juu ya Serengeti! Mwandishi wake, David Paich, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Olympus ina mita 2,918, Kilimanjaro 5,895. Huyo wa kufananishwa ni nani hapo? Na ukiuona ule mlima ukiwa Serengeti nipigie, nije na mitambo.

Mgeni2
Samahani wakubwa, mimi nimeanza na Nirvana. "Smells Like Teen Spirit" kila tovuti ina maneno tofauti. Nifuate ipi?

Mtegasikio
Karibu mdogo wangu. Jina lenyewe lilitoka kwa Kathleen Hanna, rafiki wa Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliyemwandikia ukutani kwamba ananukia Teen Spirit. Ilikuwa deodoranti ya wasichana. Cobain hakujua, akadhani anasifiwa uanamapinduzi.

Kuhusu maneno, albamu ya *Nevermind* ya 1991 ilitoka bila mashairi kamili, vipandevipande tu ndani ya jalada. Kamili yalichapishwa na singo ya "Lithium", 1992. Tafuta hayo. Maandishi mengi ya mtandaoni mtu alikaa na spika akaandika alichosikia, na masikio ya watu umeshayajua kutoka kwangu na mke wangu.