Treni ya Kapiri hadi Serenje kwenda kuangalia ndege Kasanka: ni ya kujaribu?

Mwalimu_Ruashi
Jambo yenu wote. Nina miaka 63, nimefundisha jiografia hapa Lubumbashi mpaka nikastaafu. Sasa kila asubuhi nakaa chini ya mwembe wangu na jumeli (darubini), naandika ndege katika daftari la zamani la mahudhurio. Nimefika ndege 71. Wajukuu wananiita Kambo wa Ndege, yaani Bibi wa Ndege.

Mwezi wa kumi na moja nimejiandikisha safari ya siku nne katika hifadhi ya Kasanka, Zambia, kikundi cha watu sita na kiongozi wao. Gari litanichukua Serenje. Watoto wanataka nipande basi mpaka mwisho. Mimi nataka treni kutoka Kapiri Mposhi. Baba alikuwa mtu wa reli, alitulea kwa mshahara wa reli, na sijakaa dirishani mwa treni tangu 1991.

Nitafika Serenje saa ngapi? Nichukue daraja gani? Na je, nitamwona korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu cha mti? Sitawadanganya, huyo ndiye ninayemfuata.

Kamalondo_58
Mama Mwalimu, heshima. Mimi pia mtoto wa reli, nisikilize kabla ya hao wa basi hawajaamka.

Kapiri ina stesheni mbili. Moja ni ya njia ya Ndola na Lusaka, iko mjini. Ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iko peke yake, kilomita kama mbili kutoka hapo. Mimi na ujuaji wangu wote sikuuliza mtu. Nilishuka basi, nikaona reli, nikakaa, nikala mayai yangu ya kuchemsha, nikasikia honi upande mwingine kabisa. Ndiyo ilikuwa treni yangu, inaondoka. Kwa hiyo mwambie dereva wa teksi neno moja tu: TAZARA.

Treni ya abiria haitoki kila siku, uliza siku kwanza ndipo upange na kiongozi wako. Nilipoipata hatimaye iliondoka alasiri, Serenje tukaingia usiku. Usilale porini: lala Serenje, gari likuchukue asubuhi. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita, wanawake kwao na wanaume kwao. Wewe chukua la kwanza, hata kama ni saa chache. Dirisha ni lako na mgongo utashukuru.

Kurudi, panda basi. Sababu ni hesabu tu. Kapiri ndiyo mwanzo wa njia, treni inaanza bila deni. Ile ya kurudi inatoka Dar es Salaam, na njia nzima ni kilomita 1,860. Kila dakika iliyopotea huko Mbeya au Mpika inakuja kulipwa na wewe umekaa Serenje na mizigo.

(Upana wa ile reli ni milimita 1,067, sawasawa na yetu. Wachina walipoijenga miaka ya 1970 walifuata kipimo hiki hiki. Baba yako angefurahi kulijua hilo, kama hakulijua.)

Dada_wa_Likasi
Mama, nimefika Kasanka mwezi huo huo. Korongo nyangumi mtoe moyoni kwa safari hii. Yeye ni wa mabwawa ya Bangweulu, kaskazini zaidi, na hutafutwa maji yakianza kupungua, mwezi wa tano mpaka wa saba hivi. Novemba mvua imeanza. Kiongozi akikuahidi, muulize vizuri.

Lakini Novemba ina popo! Mamilioni, wote katika kipande kidogo cha mushitu, msitu wa majimaji. Jua likizama wanatoka kama moshi usioisha. Wanatoka misitu ya Kongo, ni ndugu zetu, ila mpakani Kasumbalesa hawapangi foleni. Wanakuja kula masuku na matunda mengine ya pori, masuku yale yale tunayonunua sokoni kwa bakuli. Na kwa kuwa popo wapo, tai wakubwa wapo, wanawadaka hewani. Kuna shorobo pia, zambarau na mabawa mekundu. Vichanja viko juu ya miti na ngazi ni ndefu, goti lijiandae. Usivae nyeupe.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani, kurudi utaulizwa.

Papa_Jos
Kwacha zote hizo za nini? Hifadhi ya Upemba ni yetu tangu 1939. Panda treni ya Bukama, utaona ndege na Lualaba bure.

Mwalimu_Ruashi
Papa Jos, Bukama nitakwenda siku nitakapopata mtu wa kunipokea huko. Peke yangu, na goti hili, hapana.

Dada wa Likasi, umeniuma kidogo, lakini aksanti. Kiongozi hakuniahidi kitu, ni mimi niliyeona picha nikajipa tamaa. Nimewaza kuahirisha mpaka mwezi wa tano. Halafu nikasoma habari ya masuku. Ninakwenda.

Treni kwenda, basi kurudi, usiku mmoja Serenje. Watoto wamekubali nusu. Kamalondo, ile teksi ya kwenda TAZARA ulilipa kwacha ngapi? Na mayai, Kapiri wanauza au nichemshe nyumbani?