Cong you bing zangu zinalegea, nakosea wapi?

BintiUluguru

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa wanaojua chapati za Kichina za vitunguu vya majani, zile wenyewe wanaziita cong you bing.

Nilisoma Nanjing miaka mitatu, na asubuhi nyingi nilinunua moja kwa mama aliyekuwa anaegesha mkokoteni wake wa gesi nyuma ya hosteli yetu. Ikishaiva alikuwa anaisukumia pembeni kwa miiko miwili, anaibana kutoka kingoni kuja katikati mpaka inafunguka, ndiyo anakutilia kwenye mfuko wa karatasi. Nje inavunjika kama kaukau, ndani laini, matabaka unayahesabu, na harufu ya kitunguu inakufuata mpaka darasani.

Sasa niko Morogoro na nimejaribu mara 4. Unga wa ngano nusu kilo, chumvi, maji ya baridi, nakanda mpaka unalainika. Nasukuma, napaka mafuta, namwagia vitunguu, nakunja, nazungusha donge, nasukuma tena, nachoma kama chapati zangu za siku zote. Chapati zangu zinachambuka vizuri, kwa hilo sina shida. Lakini hizi vitunguu vinatoboa unga na kutoa maji, na za Jumamosi zilikuwa za kuvutana kama ngozi. Hata ile moja iliyotoka kavu jikoni, niliiweka kwenye hotipoti nikisubiri watoto watoke madrasa, tukala imelegea. Nataka sana wanangu waionje kama nilivyoila kule. Nirekebishe nini?

Mtoto wa Ngamiani

Dada, pole na hongera, maana umebakiza kidogo. Mimi nilikaa Guangzhou, Xiaobei, miaka mitano, na mama mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa Shandong. Huko ni nchi ya ngano, na ndiko kunakotoka kitunguu cha Zhangqiu ambacho kinarefuka kupita mita 1 na nusu. Yeye ndiye aliyenifundisha, akiniona nasukuma kama alivyonifundisha marehemu bibi yangu Tanga, ananishika mkono.

Anza na hotipoti. Chapati yetu tunaifunika ili ilainike kwa mvuke wake. Hii ukiifunika umeiua. Itoe, iweke juu ya waya au ungo hewa ipite chini, iliwe pale pale. Mama yule alikuwa hakai mezani, anakaanga huku sisi tunakula.

La pili ni maji. Chukua unga gramu 300 na chumvi nusu kijiko cha chai. Mimina maji yanayochemka kabisa mililita 130, huku unakoroga kwa vijiti au uma mpaka unga uwe mabongemabonge. Halafu ongeza ya baridi mililita 70 hivi, kidogo kidogo, ukande. Yale ya moto yanaupika wanga kidogo, unga unabeba maji mengi na unapoteza ile nguvu ya kuvutika. Ndiyo sababu zako zilikuwa ngozi. Ya baridi yanabakiza ukakamavu wa kutosha usipasuke ukisukuma. Donge litakunata mkononi, usiongeze unga! Paka mafuta, funika, liache saa nzima. Ukirudi utalikuta limetulia lenyewe.

Tatu, usipake mafuta matupu, yanakimbilia pembeni ukikunja. Weka kwenye bakuli vijiko vitatu vya unga na chumvi kidogo, chemsha mafuta ya alizeti vijiko vinne, yamwagie juu, koroga. Unapata uji mzito unaonukia kama karanga za kukaanga. Huo ndio unaokaa kati ya tabaka na tabaka na kuzizuia zisishikane. Wachina wanauita yousu. Shanghai wengi wanatia mafuta ya nguruwe, lakini kwenye migahawa ya Waislamu kule nimekula za mafuta ya mimea na hazikupungukiwa kitu.

Gawa madonge manne, sukuma kila moja mpaka uone mbao ya kibao kwa chini. Paka, nyunyiza vitunguu, kunja kamba, zungusha kama konokono, mkia uufiche chini. Hapa watu wengi wana haraka: konokono naye alale dakika 15, ndipo umsukume taratibu, unene wa nusu sentimita, usimkandamize.

Kukaanga: mafuta yaingie kabla ya chapati, si baadaye kama tunavyozoea, na yatambae chini yote. Moto wa wastani. Funika dakika mbili ndani paive, kisha funua, geuza mpaka pande zote ziwe rangi ya dhahabu. Mwisho ibane kama yule mama wa Nanjing. Pale ndipo tabaka zinapoachana.

Shangazi Kisauni

Asante kwa maelezo mwanangu. Dada, kuhusu vitunguu: vioshe usiku, uvitandaze juu ya kitambaa mpaka asubuhi, ndipo uvikate vyembamba. Tumia ile sehemu ya kijani, nyeupe ina maji mengi na ni nene, ndiyo hutoboa. Tena chumvi usiichanganye na vitunguu, itavitoa maji. Iache kwenye ule uji wa mafuta.

Mimi husukuma nane kwa mara moja, natenga kwa karatasi za nailoni na kuweka friza zikiwa mbichi. Asubuhi ya shule zaenda kwenye chuma moja kwa moja bila kuyeyushwa.

BintiUluguru

Nimerudi, jamani. Leo nimefuata yote, vitunguu vililala kwenye kanga usiku kucha. Donge la maji moto ni kitu kingine kabisa, lilikuwa laini kama ndewe ya sikio. Ya kwanza niliisukuma nyembamba mno ikakauka yote. Ya pili, nilipoibana kwa miiko, nilisikia inapasuka, mvuke ukatoka katikati na ile harufu ikaja. Nilisimama pale jikoni machozi yakanilenga. Mwanangu mdogo alikuwa anang'oa tabaka moja moja kwa kidole.

Nimechovya kwenye soya sosi, siki, sukari kidogo na pilipili ya kuponda. Pale Nanjing siki ilikuwa nyeusi, ya Zhenjiang, hapa nimetumia ya kawaida na imekaa vizuri. Ngamiani, dakika mbili za kufunika ni kwa kila upande au ule wa kwanza tu?

Mtoto wa Ngamiani

Wa kwanza tu, dada. Ukishageuza usifunike tena.