Intaneti ya nyumbani kwa miezi mitatu tu Kisumu: nianzie wapi?

Mpangaji wa Muda

Wanajukwaa, hamjambo. Mwezi ujao nitahamia Kisumu kwa miezi mitatu ili nimuuguze mama, ambaye atakuwa akihudhuria kliniki mjini, na tayari nimepata nyumba ya vyumba viwili mtaani Migosi. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, na siku sita kwa wiki huwa na kikao cha video jioni, kinachochukua takriban saa mbili. Bando za simu hunitosha kwa siku chache tu kisha naanza kukopa. Kampuni moja niliyoiuliza ilinitaka nitie sahihi mkataba wa mwaka mzima, ilhali mimi nitakuwa nimerudi Nakuru kabla mwaka huo haujafika hata nusu. Je, ipo njia ya kupata intaneti ya nyumbani bila kujifunga hivyo?

Jirani wa Kondele

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Neno mkataba lisikutishe kabla hujauliza linahusu nini hasa. Huduma nyingi za waya wa faiba zinazouzwa majumbani hapa Kenya hulipiwa kabla ya matumizi, kwa siku thelathini. Usipolipa, intaneti hukatika na hakuna deni linalokufuata. Kinachomfunga mteja mara nyingi ni kifaa na gharama ya kufungiwa: ruta, yaani kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, umepewa kwa bei nafuu au bure, na kampuni inataka ukae muda wa kutosha ili irudishe fedha zake. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama kuna mkataba, uliza ruta ni ya nani, ada ya kufungiwa ni kiasi gani, na ukihama kabla ya muda utadaiwa nini. Majibu hayo uyapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kabla ya yote, mpigie keyateka, yaani mtunzaji wa ploti ya nyumba za kupanga. Katika ploti nyingi za Migosi waya umekwisha kufika, na mpangaji aliyetangulia huacha kisanduku ukutani. Ukikikuta, gharama kubwa ya kuvuta waya imeondoka. Hata hivyo, fungua akaunti kwa jina lako, wala usikubali kuendelea kulipia ya mtu aliyehama, kwa sababu siku atakapoihamishia nyumba yake mpya wewe utabaki na kisanduku kitupu na kikao cha jioni kinakungoja. Mimi niliwahi kulipia kuvutiwa waya katika nyumba niliyokaa majuma saba pekee, na kosa lilikuwa langu kwa kuwa sikuuliza.

Fundi wa Redio

Nakubaliana na Jirani, ila nataka tupige hesabu kwanza. Kasi ya Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) ikitumika saa nzima ni MB 450. Kikao cha video kinachotumia Mbps 2 kwa jumla, kupakua na kupakia, hula takriban MB 900 kwa saa. Kwa saa mbili, siku 26 za mwezi, hiyo ni karibu GB 47. Rekodi za sauti si mzigo: saa moja ya MP3 ya kbps 128 haifikii MB 60. Basi hata ruta ya 4G au 5G yenye laini inaweza kukutosha, mradi ununue kifurushi cha mwezi na si bando za kila siku, ambazo ndizo zinazokutafuna sasa.

Usinunue ruta kabla ya kupima mawimbi ndani ya nyumba yenyewe. Katika simu nyingi za Android, ukibonyeza *#*#4636#*#* utaona kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoandikwa RSRP. Kikiwa karibu na -80 hali ni nzuri. Kikishuka hadi -110 utateseka. Pima kila dirisha, kwa kuwa ukuta wa mawe na paa la mabati hupunguza mawimbi kuliko watu wanavyodhani. Ukichukua ruta ya mitumba, hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja na kwamba inapokea masafa ya mtandao unaoutaka. Faiba 4G (hapa nasema kampuni, si waya) hutumia MHz 700, na vifaa vingi vya zamani havipokei masafa hayo.

Na umeme wa Kisumu ukikatika wakati wa mvua, waya wa faiba wenyewe hauhitaji umeme nyumbani kwako, lakini ruta inauhitaji. Tafuta betri ndogo ya volti 12. Radi zikianza, chomoa ruta kwenye umeme.

Mkaazi wa Bumala

Huku kwetu waya haujafika, nasi tunatumia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka wa 2023. Malipo ni ya mwezi, na kifaa unaweza kukinunua au, tangu 2024, kukikodi. Kwa Migosi sikushauri: dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, linataka anga wazi, na mwenye ploti lazima aruhusu lipandishwe juu ya mabati yake.

Mpangaji wa Muda

Nawashukuru nyote. Keyateka amethibitisha kwamba kisanduku kipo sebuleni, ila ruta ilikwenda na mpangaji aliyetangulia. Kampuni yenye waya huo imenijibu kwa ujumbe kwamba nikija na ruta yangu sitadaiwa chochote nitakapohama, nami nitalipa mwezi kwa mwezi. Fundi, Jumamosi napeleka godoro na vyombo. Nitapima pia dirisha la jikoni na la chumba cha mama, ili laini ya simu iwe akiba siku waya utakapokatika, kisha nitaandika vipimo hapa.