Mabega yamekaza, usiku moyo unadunda: ni mawazo?

Mama vitenge, Birere:
Jambo ndugu zangu wa Goma. Tangu wateja wapungue na deni la mzigo liongezeke, mabega yamekaza kama chuma, tumbo linavuruga, usiku wa manane naamka moyo unadunda. Asubuhi taya linauma, nadhani nasaga meno. Nimepimwa malaria, hakuna. Mawazo yanaweza kufanya hivi kweli?

Muuguzi, Katindo:
Yanaweza, mama. Mwili ukihisi hatari, tuseme mwizi, humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Mwizi akishapita mwili hutulia, lakini deni unalala nalo. Kitandani vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta; kule kutoa ndiko kunapunguza mapigo. Kahawa ya jioni, acha. Ila kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje, kimbia kituo cha afya.

Papa wa Himbi:
Mimi jioni nashuka ziwani kwa miguu, simu naiacha nyumbani. Habari za redio, mara moja kwa siku inatosha.

Mama vitenge, Birere:
Aksanti. Pumzi nitajaribu leo. Kahawa nitapunguza, muuguzi, kuacha siahidi.