Filta ya modula yenye sauti ya Korg ya zamani: transista, LM13700 au AS3320?

FundiMasafa
Wakuu, heshima kwenu. Nachora filta (saketi inayokata baadhi ya masafa ya sauti) yangu ya kwanza ya modula, yaani kipande kimoja cha sinthesaiza ya vipande vinavyounganishwa kwa nyaya, na nataka iwe na ule ukali wa kinanda cha zamani cha Korg. Nimebaki na njia tatu: kuijenga kwa transista tupu, kutumia LM13700 (chipu ya vikuzi viwili), au kuchukua chipu ya AS3320 ambayo kazi nyingi imeshafanywa ndani. Ndugu yangu yuko Guangzhou na anarudi wiki ijayo, kwa hiyo bodi na vipuri niagize kabla ya Ijumaa. Mnanishauri ipi?

Luthuli_Solda
Korg gani, ndugu? Polysix ya 1981 ina chipu ya filta SSM2044 ndani, MS-20 ya 1978 ni mambo mengine kabisa. Kasha lako linatoa volti ngapi? Na filta itapitisha nini, besi, ngoma, sauti ya mtu? Bila hayo tutakushauri gizani.

Mzee_wa_Volti
Naongezea hapo. Unataka rezonansi (filta kurudishiwa sauti yake yenyewe) ikipanda filta ipige mluzi wenyewe na uucheze kama noti, au hilo hulihitaji? Bodi inabadilika kutegemea jibu lako.

FundiMasafa
Samahani wakuu. Ni MS-20. Kasha ni Eurorack (muundo wa kasha la modula), volti 12 chanya na hasi. Nina osileta (saketi za kuzalisha sauti) mbili na mashine ya ngoma. Mluzi naupenda, kuucheza kama noti sijaamua. Niko Dar.

Luthuli_Solda
Sawa, sasa tunaongea. MS-20 zenyewe zilitoka na filta za aina mbili. Za mwanzo zina kipande kiitwacho Korg-35, ni transista zilizofungwa pamoja. Za baadaye zina LM13600, ndugu wa hiyo LM13700 yako. Kwa hiyo njia yako ya kwanza na ya pili zote ni MS-20 halali. AS3320 ni ukoo wa CEM3320, ile ya vinanda vya Prophet-5 vya toleo la tatu. Ni chipu nzuri sana, ninayo, lakini sauti yake ni laini na ya mviringo. Siyo hicho ulichoomba.

Mimi nachukua LM13700. Chipu moja ina vikuzi viwili vinavyodhibitiwa kwa mkondo, vinatosha kwa filta ya desibeli 12 kwa oktava. Ila usiache zile diodi kwenye njia ya kurudisha rezonansi, maana ndizo zinazobana mawimbi yakizidi na kuleta ile sauti ya kupiga kelele. Pia punguza sauti inayoingia. Eurorack inatoa volti 10 kutoka kilele hadi kilele, wakati kikuzi kile kinaanza kupasua sauti kwenye makumi machache tu ya milivolti.

Hamburg_Mswahili
Kwa nini kila mtu anakimbilia MS-20? Tafuteni Polivoks, kinanda cha Kisovieti cha 1982, kazi ya Vladimir Kuzmin. Filta yake haina kapasita za nje hata moja! Inategemea kapasita ndogo iliyo ndani ya op-ampu (chipu za kukuza mawimbi) zenyewe, na mkondo ukibadilishwa masafa yanahama. Vipuri vichache, bodi ndogo, na ukali wake MS-20 haifui dafu.

BintiTanga
Kaka wa Hamburg, ameomba MS-20, mwache apate MS-20.

FundiMasafa, kabla hujamtuma ndugu yako, soma hili. Niliagiza CA3080, kikuzi kimoja cha ukoo wa LM13700, mtandaoni kutoka kwa muuzaji mwenye nyota nyingi. Chipu hiyo iliacha kutengenezwa zamani, na hizi zilikuja zinang'aa kama za jana. Nikasolda, nikawasha. Volti kwenye miguu ya umeme ziko sawa, sauti inaingia na inatoka, lakini imepasuka vibaya, na nobu ya masafa ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Nilikagua bodi njia kwa njia kwa mita hadi usiku wa manane. Bodi haikuwa na kasoro.

Nikachomoa chipu moja nikaifuta mgongo kwa pamba yenye asetoni. Pamba ikawa nyeusi, maandishi yakaondoka yote, chini yake kuna mikwaruzo ya msasa. Ilikuwa op-ampu ya kawaida iliyopakwa rangi na kuchapwa jina jipya. Miguu ya umeme, ya kuingizia na ya kutolea inalingana na ya CA3080, ndiyo maana sauti ilipita. Mguu wa 5, unaopaswa kupokea mkondo wa kudhibiti, haukuwa na kazi hiyo. Muuzaji akadai video. Nikamtumia, akanyamaza mpaka leo.

LM13700 bado inatengenezwa, basi inunue kwa msambazaji anayetambuliwa na kiwanda hata kama bei ni mara mbili. Sokoni Guangzhou mwachie ndugu yako anunue volyumu, soketi na nati tu.

Mzee_wa_Volti
Pole sana binti yangu. Hiyo ndiyo sababu mimi bado nasimama na transista. Utazipanga jozi kwa mita mezani kwako na hakuna wa kukudanganya.

Halafu kuna joto. Umesema Dar. Sehemu inayogeuza volti kuwa mkondo ina jozi ya transista, na kipimo chake hupotea kama asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumba kikipanda nyuzi 10 baada ya adhuhuri, oktava moja inakosea karibu senti 40 (senti 100 ni nusu toni). Weka rezista inayobadilika kwa joto, ya ppm 3300 (sehemu 3300 kwa milioni kwa kila nyuzi), iguse jozi hiyo mgongo kwa mgongo.

Hamburg_Mswahili
Shikamoo mzee. Kwa ngoma na besi hilo halina uzito. MS-20 yenyewe haifuati volti moja kwa oktava (volti moja ikiongezeka noti hupanda oktava moja), inatumia hezi kwa volti (masafa hupanda sawia na volti), na watu wanaipenda hivyo hivyo.

Mzee_wa_Volti
Marahaba. Hiyo hezi kwa volti ni ya osileta, kijana, na yeye kasha lake ni la volti moja kwa oktava. Akitaka kucheza mluzi mwakani atavunja bodi aanze upya?

BintiTanga
Na mbona wote mmesahau kwamba MS-20 ina filta mbili zinazofuatana? Kwanza inayokata besi, desibeli 6, halafu inayokata sauti za juu, desibeli 12. Kila moja ina rezonansi yake. Pandisha zote mbili, zisogeze masafa karibu, pitisha ngoma hapo uone! Ukijenga moja utapata nusu ya kinanda.

FundiMasafa
Dada, hilo sikulifikiria kabisa. Mbili zitaenea kwenye bodi moja?

Luthuli_Solda
Zinaenea ukitumia vipuri vidogo vya kubandika juu ya bodi. Umewahi kuvisolda?

Hamburg_Mswahili
Msimshawishi kwenye vile vidogo kwa kazi ya kwanza. Atumie bodi mbili, moja nyuma ya nyingine.

Mzee_wa_Volti
Bodi mbili zinaongeza kina. FundiMasafa, pima kasha lako kina chake kwanza, na utuambie nobu unataka za ukubwa gani.