Mjadala: Miti yetu isaidie antibaiotiki kuua bakteria sugu, au tuitenge?

Kirumba Juu: Wadau, usugu wa dawa umetubana kwelikweli. Mi nasema hospitali ya Bugando na taasisi ya utafiti wa tiba NIMR Mwanza wapewe hela wapime miti yetu, sio iue bakteria yenyewe, imvue silaha ili dawa ipenye. Bakteria ana pampu zinazotema dawa nje. Mwaka 2000 Marekani walikuta kichaka cha berberis kina berberini, inaua kidogo tu, ila kichaka hichohicho kina kemikali nyingine isiyoua kitu, kazi yake kuziba pampu ya bakteria stafilokokasi, pampu inayoitwa NorA, zikikutana berberini inapiga kweli. Sisi tunachemsha mwarobaini kiholela tu.

Mama Igoma: Kiholela?? Bibi yangu kule Magu alijua mzizi upi unaenda na gome lipi na huchanganyi ovyo. Hao Wazungu wamegundua juzi kwamba mti unafanya kazi na mwenzake, we unawapigia makofi halafu bibi yangu unamwita wa kiholela.

Famasia Buzuruga: Dada shida sio bibi. E. koli, ndo huyo wa UTI, ana utando wa nje zaidi ya hizo pampu, kemikali nyingi za mimea zinagonga hapo zinarudi. Maabara wakizima pampu, kemikali hizo zinaua vizuri, sawa, ila kuzima pampu ndani ya mtu ni kazi nyingine. Reserpini ya mmea wa rauvolfia inaziba NorA lakini kiwango kinachotakiwa ni sumu kwa mgonjwa. Tusirudie kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya Babu iliyodaiwa kuponya hata UKIMWI.

Nyegezi Mzawa: Loliondo imeingiaje? 2011 watu walienda Samunge kule Loliondo kwa hiari yao, kikombe shilingi 500. We hapo famasia unauza antibaiotiki bila cheti cha daktari, nusu dozi, usugu umeletwa na nani?

Famasia Buzuruga: Mi siuzi bila cheti, usinipakazie! Na hiyo 500 watu waliacha ARV kwa ajili yake.

Nyegezi Mzawa: Nusu dozi zinauzwa kila kona ya mji huu, unajua.

Kirumba Juu: Jamani pampu, tunazungumzia pampu. Nani apime?

Mama Igoma: Apime atakayekaa na wazee wetu kwanza, awaandike majina kwenye hiyo karatasi yake ya utafiti na faida wagawane. Akija kuchuma majani na kuondoka, mi simuonyeshi hata mti mmoja.