Mrejesho: ufugaji kwenye gemu yangu ya historia

Wakuu nimerudi. Niliuliza nifanyeje ili mchezaji asifuge kila mnyama kwa kubonyeza kitufe tu, mkanambia nitenganishe kumzoesha mnyama mmoja na kufuga kizazi hadi kizazi. Nimefanya hivyo na aisee gemu imebadilika kabisa! Sasa tembo unamkamata porini unampeleka vitani, ila mimba yake ni kama miezi 22 kwa hiyo kumzalisha zizini hailipi, wakati mbuzi anabeba miezi 5 tu na kundi linajaa fasta. Mbwa nimemweka wa kwanza, kabla hata ya kilimo. Pundamilia ndo kasheshe, jana jamaa anayenijaribia gemu kapoteza zamu 40 anamkimbiza na kamba, akanitukana weee. Pundamilia simbadilishi, aendelee kung'ata watu.